Pengo la siku saba: kumeza vidonge vya uzazi wa mpango bila kubahatisha

Ukiuliza ni kidonge kipi cha uzazi wa mpango ambacho ni hatari zaidi kukisahau, wengi watakutajia cha katikati ya pakiti, siku ya 14 hivi, kwa kuwa ndipo yai linapotoka. Lakini mwanamke anayemeza vidonge hivi ipasavyo hana yai linalotoka siku ya 14 wala siku nyingine. Kazi kubwa ya vidonge ni kulizuia. Kidonge cha kuogopa kukisahau ni cha kwanza cha pakiti mpya, kisha vile vya mwisho vyenye dawa. Vyote hivyo vinapakana na siku saba za mapumziko zisizo na homoni, zinazokuja kila pakiti inapoisha. Ukishaelewa kinachotokea ndani ya siku hizo, masharti mengi ya vidonge hayahitaji kukaririwa, maana utaona mwenyewe yanatoka wapi.

Tunazungumzia vidonge vyenye homoni mbili, estrojeni na projestini. Vipo vingine vyenye projestini peke yake, ambavyo hupewa sana akina mama wanaonyonyesha. Hivyo vina masharti yake: baadhi havivumilii kuchelewa zaidi ya saa 3, na vingi havina siku za mapumziko. Soma kasha lako kwanza. Pakiti ya vidonge 28 vya rangi moja, vyote vikiwa na dawa, yaelekea ni ya projestini pekee, na maelekezo ya hapa hayaihusu.

Kinachofanyika mwilini

Estrojeni iliyomo kwenye vidonge vingi vya leo ni ethinilestradioli, kwa kawaida mikrogramu 20 hadi 35 katika kila kidonge. Enovid, kilichoidhinishwa Marekani kuzuia mimba mwaka 1960, kilikuwa na mikrogramu 150 za estrojeni aina ya mestranoli, kwa hiyo anayekuhadithia vidonge vya enzi hizo anakuhadithia dawa nyingine kabisa. Projestini ziko za aina nyingi: levonogestreli, norethisteroni, desogestreli, drospirenoni na nyinginezo. Homoni hizi mbili kwa pamoja huuzuia ubongo kutuma ishara zinazopevusha yai. Projestini pia huufanya ute wa shingo ya kizazi uwe mzito, mbegu za kiume zisipenye kwa urahisi.

Ukiacha kumeza homoni, zuio hilo huanza kulegea. Ndani ya siku za mapumziko vifuko vya mayai kwenye ovari huanza kukua tena. Ukirudi kwenye dawa siku ya nane, vifuko hivyo hunywea kabla havijafika mbali. Ukichelewa siku mbili au tatu zaidi, kimoja chaweza kuwa kimeshapita mahali pa kurudishwa nyuma, na yai likatoka hata kama umeshaanza kumeza tena. Kwa upande mwingine, vidonge saba vyenye dawa vikimezwa mfululizo vinatosha kuituliza ovari upya.

Basi hesabu ni mbili tu: siku saba bila homoni ndio mwisho wa uvumilivu, na siku saba za homoni mfululizo ndizo zinazorudisha kinga. Kila unapoambiwa "tumia kondomu kwa siku saba", namba hiyo inatoka hapo.

Na ile damu inayotoka wakati wa mapumziko? Si hedhi kwa maana halisi. Ni ukuta wa mji wa mimba kumomonyoka kwa sababu homoni zimekatika ghafla. Haisafishi chochote, na ikikosekana hakuna damu chafu inayorundikana ndani. Mpango wa wiki tatu za dawa na wiki moja ya mapumziko ulibuniwa ili ufanane na mwezi wa kawaida. Mwili wenyewe hauudai.

Pakiti, na jinsi ya kuanza

Pakiti ya vidonge 21 yote ni dawa: unameza siku 21, unakaa siku saba bila kidonge, kisha unafungua mpya siku ya nane, hata kama damu bado inatoka. Ya vidonge 28 huwa na 21 vyenye dawa na saba visivyo na homoni, vya rangi tofauti, mara nyingi vya kahawia vyenye madini ya chuma. Pakiti moja ikiisha unafungua nyingine kesho yake bila kuruka siku. Ziko pia zenye 24 vya dawa na vinne visivyo na homoni, na hizo zinapendeza kwa sababu moja: zinafupisha pengo. Kwa mtu anayejijua ni msahaulifu, ningemshauri achague 28 kuliko 21, kwani kuendelea na mazoea ya kila siku ni rahisi kuliko kukumbuka siku ya kuanza upya.

Ukianza ndani ya siku tano za mwanzo wa hedhi, umekingwa tangu kidonge cha kwanza. Siku nyingine yoyote pia unaweza kuanza, mradi una uhakika wa kutosha kwamba huna mimba, ila utatumia kondomu au utajizuia kwa siku saba za mwanzo. Uhakika huo haulazimu kipimo kila mara. Unatosha kama hujafanya ngono tangu hedhi iliyopita, au umekuwa ukitumia njia nyingine ya kuaminika bila kukosea, au mimba imetoka ndani ya siku saba zilizopita. Huna haja ya kungoja hedhi ndipo uanze. Wengi hupata mimba katika kungoja huko.

Anayetoka kwenye sindano aanze siku ambayo sindano nyingine ingetakiwa, au kabla yake. Anayehama kutoka vidonge vya aina nyingine vya homoni mbili aunganishe moja kwa moja, asiweke mapumziko ya ziada katikati.

Chagua saa moja na ushikamane nayo. Kuchelewa saa chache hakuleti mimba kwa vidonge hivi, lakini kubadilisha saa ovyo huongeza matone ya damu yasiyotarajiwa, na kila atakayechelewa leo atasahau kesho. Fungamanisha kidonge na jambo usilolikosa, kama kupiga mswaki usiku, na uweke kengele ya simu isiyonyamaza mpaka uizime mwenyewe. Pakiti ya akiba iwe ndani kabla hii haijaisha. Hilo la akiba ni zito kuliko linavyosikika: kukosa pakiti mpya kwa wakati ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kurefusha pengo, na huyo aliyekosa huwa hajihesabu kuwa "amesahau" kidonge.

Ukisahau

Tuchukue mtu anayemeza saa 3 usiku. Jumatatu amemeza, Jumanne amesahau, amekumbuka Jumatano. Amekosa kimoja. Akimeze hapo hapo anapokumbuka, na cha Jumatano akimeze kwa saa yake, hata ikibidi viwili kwa siku moja au kwa mkupuo. Aendelee na pakiti. Hahitaji kondomu, hahitaji kidonge cha dharura, isipokuwa kama alikosa vingine siku chache tu zilizopita.

Sasa tuseme hakumeza Jumanne wala Jumatano, na anakumbuka Alhamisi usiku. Amekosa viwili mfululizo. Ameze kimoja cha vile vilivyokosekana, kile cha karibuni zaidi, pamoja na cha Alhamisi. Vilivyobaki nyuma avitupe. Kurundika vinne au vitano kwa pamoja hakuongezi kinga, kunaongeza kichefuchefu. Kisha atumie kondomu au ajizuie mpaka amemeza vidonge saba vyenye dawa mfululizo. Kuna miongozo inayoanza kuhesabu hatari kwenye vidonge vitatu, hasa kwa pakiti zenye estrojeni mikrogramu 30 au zaidi. Kushika viwili ni salama kwa pakiti zote, na hakumgharimu mtu zaidi ya wiki moja ya kondomu.

Kinachofuata kinategemea wiki, na hapa ndipo pengo linapoonyesha makali yake.

Wiki ya kwanza ndiyo mbaya. Vidonge viwili vilivyokosekana mwanzoni vimeongezwa juu ya siku saba za mapumziko, kwa hiyo ovari imekaa bila homoni kwa siku tisa. Kama kumekuwa na ngono bila kondomu ndani ya siku tano zilizopita, kidonge cha dharura kinahitajika, na mapema ni bora. Usisubiri kuona kama damu itakuja.

Wiki ya pili ni nyepesi. Kama vidonge saba vilivyotangulia vilimezwa sawasawa, ovari bado imetulia. Kondomu za siku saba zinatosha.

Wiki ya tatu, yaani kuanzia kidonge cha 15 hadi cha 21, shida si siku ulizokosa bali ni mapumziko yanayokuja mbele. Ukienda mapumziko ukiwa umeshakosa viwili, pengo mbili zinakaribiana mno. Dawa yake ni kuyafuta mapumziko: maliza vidonge vyenye dawa, tupa visivyo na homoni, fungua pakiti mpya kesho yake. Damu huenda isije mwezi huo, na hilo si tatizo. Wanaokosea hapa hukosea kwa nia njema, kwani huona vidonge saba vya kahawia vimebaki na hawataki kuvipoteza.

Ukisahau kimojawapo cha visivyo na homoni, kitupe, endelea. Havina kazi nyingine zaidi ya kukutunzia mazoea. Angalia tu pakiti mpya ianze kwa siku yake.

Kidonge cha dharura cha levonogestreli, miligramu 1.5, hufanya kazi vizuri zaidi ndani ya saa 72. Baada yake rudi kwenye vidonge vyako siku hiyo hiyo au kesho yake, na kondomu kwa siku saba. Kile cha ulipristali, miligramu 30, hufika saa 120, lakini kina masharti ambayo wengi hawaambiwi: projestini iliyomo kwenye vidonge vya kila siku huweza kuidhoofisha ulipristali, kwa hiyo unangoja siku tano ndipo urejee, na kondomu zinaendelea mpaka umemeza saba mfululizo. Kwa sababu hiyohiyo, ikiwa uliyekosea ni mtumiaji wa vidonge na ulikuwa ukimeza siku chache tu zilizopita, levonogestreli mara nyingi ndiyo inayofaa. Zungumza na mfamasia kabla ya kuchagua. Kitanzi cha shaba kikiwekwa ndani ya siku tano kinashinda vyote viwili.

Kidonge kilichomezwa lakini hakikuingia

Ukitapika ndani ya saa 3 tangu umeze, hesabu kwamba hukumeza. Chukua kingine chenye dawa kutoka pakiti ya akiba. Kutapika sana au kuharisha maji kunakozidi siku moja kunahesabiwa kama siku za kukosa vidonge. Endelea kumeza ukiweza, lakini zihesabu siku hizo kama ulivyosoma hapo juu na utumie kondomu.

Dawa nyingine ni habari nzito zaidi, kwa sababu haziachi dalili. Rifampisini na rifabutini, zinazotumika kwa kifua kikuu, huliamsha ini liharibu homoni haraka kuliko zinavyoingia. Ndivyo zinavyofanya pia baadhi ya dawa za kifafa: karbamazepini, fenitoini, fenobabitali, primidoni, okskarbazepini, na topirameti kwa vipimo vikubwa. Baadhi ya dawa za VVU zimo kwenye kundi hilo, hasa zile zinazoongezewa ritonaviri. Kondomu za siku saba hazitatui hili, maana tatizo halina mwisho wa siku saba. Linaendelea muda wote wa dawa na takribani wiki nne baada ya kuziacha. Hapo badilisha njia. Sindano na kitanzi haviguswi na dawa hizo.

Lamotrijini, ya kifafa vilevile, ni kinyume: vidonge ndivyo vinavyoishusha yenyewe kwenye damu, na degedege laweza kurudi. Tena katika wiki ya mapumziko kiwango chake hupanda ghafla. Daktari anayekupa lamotrijini lazima ajue unameza nini.

Antibiotiki za kawaida kama amoksisilini na doksisaiklini hazipunguzi nguvu ya vidonge. Onyo hilo lilisambaa sana zamani na bado linarudiwa. Kinachoweza kukuponza ni kuharisha kunakoletwa na antibiotiki, ambako kunafuata kanuni ya hapo juu.

Nani asitumie

Kabla ya kuanza, kipimo kimoja ndicho cha lazima: presha. Huhitaji kupimwa nyonga wala vipimo vya damu ndipo upewe. Lakini ikiwa presha ni 140/90 au zaidi, tafuta njia isiyo na estrojeni, na kwenye 160/100 jibu ni hapana kabisa.

Kinachoogopwa kwenye estrojeni ni damu kuganda ndani ya mishipa. Kwa wanawake 10,000 wasiotumia homoni na wasio na mimba, kama wawili hupata donge la damu kwa mwaka. Kwa wanaotumia vidonge vyenye levonogestreli ni watano hadi saba. Kwa vyenye desogestreli au drospirenoni ni tisa hadi 12. Mimba yenyewe huiongeza hatari hiyo kuliko vidonge vyote, na wiki za baada ya kujifungua ndizo kilele. Hatari ya vidonge iko juu zaidi mwaka wa kwanza, na huanza upya ukiacha kwa wiki nne au zaidi kisha ukarudi. Kwa hiyo ule ushauri wa "upumzishe mwili miezi michache" hauna faida, na una madhara mawili: mimba usiyoipanga na kuurudia mwaka wa hatari.

Kwa mantiki hiyo utaelewa orodha ya waliokatazwa: aliyewahi kupata donge la damu mguuni au kwenye mapafu, kiharusi au ugonjwa wa mishipa ya moyo, mwenye miaka 35 na kuendelea anayevuta sigara, anayenyonyesha mtoto wa chini ya wiki sita (na hadi miezi sita kama maziwa ya mama ndiyo chakula kikuu cha mtoto), asiyenyonyesha lakini amejifungua chini ya wiki tatu zilizopita, mwenye kisukari kilichoharibu figo, macho au mishipa ya fahamu, mwenye saratani ya matiti, au aliyewahi kuipata, mwenye ini lililosinyaa vibaya au uvimbe wa ini. Anayesubiri upasuaji mkubwa utakaomlaza muda mrefu amweleze daktari mapema, kwani huacha wiki nne kabla.

Kipandauso kinahitaji maelezo yake. Kuumwa kichwa upande mmoja peke yake si kizuizi kwa kijana. Kizuizi ni kile kinachotanguliwa na viashiria: mistari ya zigizaga inayometameta, doa linaloziba sehemu ya unachokitazama, ganzi inayopanda mkononi au usoni, ulimi kuwa mzito, kisha vinapita na kichwa kinaanza. Mwenye hivyo asitumie estrojeni katika umri wowote, kwa sababu ya kiharusi. Wengi hawalisemi kliniki, kwa kuwa huulizwa tu kama "kichwa kinauma".

Ukiwa umeshaanza, mambo haya hayangoji kesho: mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu la mguu, maumivu ya kifua au pumzi kukata ghafla, kichwa kuuma kwa namna ambayo hujawahi kuiona, macho kupoteza uoni, upande mmoja wa mwili kulegea, maumivu makali ya tumbo la juu, macho kuwa manjano. Nenda hospitali na useme unatumia vidonge vyenye estrojeni. Wasipoambiwa huenda wasiuhusishe mguu na kidonge.

Miezi mitatu ya kwanza

Matone ya damu katikati ya pakiti ndiyo yanayowaachisha wengi, na si dalili kwamba kinga imevunjika, mradi unameza sawasawa. Kwa kawaida hupungua kufikia mwezi wa tatu. Yakiendelea, kwanza kagua saa zako, kutapika na dawa nyingine. Kisha ukapimwe, maana maambukizi ya shingo ya kizazi nayo hutoa damu. Hapo tena ndipo pa kukumbuka kwamba vidonge havikingi VVU wala magonjwa mengine ya zinaa.

Kichefuchefu hupungua ukimeza baada ya chakula au wakati wa kulala. Matiti kuuma hupita. Unene haujathibitika kuletwa na vidonge. Hisia zikibadilika kwa namna inayokutisha, usivumilie mwaka mzima. Badilisha aina au njia. Saratani nazo ziko pande mbili: ya ovari na ya mji wa mimba hupungua, na kinga hiyo hubaki miaka mingi baada ya kuacha, ya matiti huongezeka kidogo wakati wa matumizi, na ongezeko hilo hufifia baada ya kuacha.

Damu ikikosa kuja wakati wa mapumziko na hukukosa kidonge, anza pakiti mpya kwa siku yake. Ikikosa mara mbili mfululizo, au mara moja baada ya kukosa vidonge, pima mimba. Kama ipo, acha kumeza. Vidonge ulivyomeza bila kujua havijulikani kumdhuru mtoto.

Asiyetaka damu kabisa anaweza kuunganisha pakiti bila mapumziko, ikiwa vidonge vyake vyote vya dawa vina kipimo kimoja. Matone huwa mengi miezi ya mwanzo. Kwa msahaulifu njia hii ina faida kubwa, kwani inaliondoa lile pengo lenyewe. Vidonge vyenye rangi mbili tatu za dawa hupanda na kushuka kipimo, hivyo usiviunganishe bila kumwuliza mtaalamu.

Na ukiamua kuacha, kumbuka kwamba homoni hazibaki mwilini miezi. Mimba yaweza kuingia mwezi huohuo, kabla hata hedhi ya kwanza haijarudi. Asiyeitaka awe na njia nyingine tayari tangu siku anayomaliza vidonge vyenye dawa. Anayeitaka aanze foliki asidi, mikrogramu 400 kwa siku, wakati bado anamalizia pakiti ya mwisho.